Nyumba Igoki Aliyotafuta Kinoru

Hii ilimpata Igoki wa Gachoka, rafiki ya binti yangu. Alipata kazi Meru, na huko hakujua hata mtu mmoja, na hiyo ndiyo ilimfurahisha. Kwao kulikuwa na vita. Msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya bwana, hiyo kila mtu anajua, lakini Igoki alimwita wake Marigu, jina la mamake mwenyewe. Mama mkwe, Ruguru, alikufa bila kumbeba huyo mtoto hata siku moja.

Akaenda kutafuta nyumba, mtoto mgongoni. Mtaa wa Makutano aliona kelele ni nyingi, akapelekwa ule wa Kinoru na keateka mmoja, mtu wa kutunza nyumba za kupanga, anaitwa Kiunga. Stima ilikuwa imepotea, koridoo ni giza mchana.

"Hapa watu wametulia, mama. Hata ukipika nyama hakuna wa kubisha."

"Nataka hivyo. Mahali hakuna wa kuniuliza mambo ya nyumbani."

"Na hii haijakaliwa tangu ijengwe," Kiunga akasema, akipapasa kufuli.

Ndani kukasikika mwiko ukikwaruza sufuria, polepole, kama mtu anakoroga uji. Kiunga akaachilia kufuli, bado imefungwa.

Kisha sauti ya mama mzee ikaita, bila hasira, vile mtoto huitwa kukula.

"Ruguru."

Hiyo sauti Igoki aliijua, ni ya mama mkwe. Mgongoni, Marigu akajipinda kuelekea mlango, akaitika vile mjukuu huitika nyanya yake.

"Nakuja, cucu."