Mtu Aliyefuta Video Zake

Maiti ya Ambwene ilikuwa imelowa chapachapa. Kakao iliyokuwa hatua mbili kutoka pale ilikuwa kavu.

Ilikuwa saa kumi jioni. Inspekta Tusekile aliinua ncha ya turubai lililofunika kichanja cha mianzi, akachota konzi ya punje, akazirudisha. Buti zake zilikuwa zinazama kwenye tope la Bujonde. Alitamani kukaa, lakini hapakuwa na pa kukaa.

"Jeraha moja kisogoni, Afande," alisema Koplo Jubilate. "Silaha ni hiyo reki ya mbao ya kusambazia kakao. Daktari anakadiria amefariki saa sita mchana."

"Mvua ilianza saa ngapi?"

"Saa sita na nusu. Ikakatika saa tisa."

"Simu yake?"

"Ipo mfukoni, imefungwa kwenye nailoni. Hakuna kilichoibwa."

Kyela nzima ilimjua Ambwene. Kwa miaka minne aliwaambia watazamaji wake elfu sitini kwamba chanjo ya surua inaletwa ili wasichana wawe wagumba. Ulikuwa uongo mtupu. Tusekile alikumbuka siku aliyowasindikiza wauguzi kijijini hapa, wakarudi na kioo cha gari kimepasuliwa kwa jiwe. Miezi mitatu baadaye surua iliua watoto wanne.

Mwaka huu Ambwene alifuta video zote, akarudi kulima kakao, akaanza kurekodi nyingine: anaiangalia kamera, anaomba radhi.

Ya mwisho ilikuwa bado haijarushwa. "Kesho," ilisema sauti yake kwenye simu, "nitawataja wale watoto wanne kwa majina, na jinsi wazazi wao walivyonisikiliza."

Aliyetoa taarifa polisi ni jirani yake, Prisca. Walimkuta kibarazani kwake, wakakaa naye. Kijiji bado kilimwita Mama Asifiwe, ingawa Asifiwe, binti yake wa pekee, alikuwa mmoja wa wale wanne.

"Pole, Mama Asifiwe. Ulimwona saa ngapi?"

"Mvua ilipokatika. Nilishinda ndani, mgongo unaniuma. Nikatoka kuchuma mboga, nikamwona amelala."

"Kabla ya hapo hukufika kwake?"

"Nifuate nini? Wewe ungemtembelea?"

"Nisingemtembelea."

Tusekile alifunga daftari, akasimama kama anayeaga. "Ndaga fijo, mama. Ahsante kwa kumfunikia kakao."

"Sasa kakao ya mtu utaiacha inyeshewe, mwanangu? Si ingeoza yo..."

Jubilate aliacha kuandika.

Hapa Bujonde wingu likitanda, anayepita hufunika kakao iliyo karibu, hata kama ni ya mtu asiyesalimiana naye. Mikono hufunika kabla kichwa hakijaamua.

"Kakao ilifunikwa kabla ya tone la kwanza," alisema Tusekile taratibu. "Mwenyewe alikuwa amesimama au amelala?"

Prisca aliitazama mikono yake. "Alikuwa ameshaanguka."

"Hulazimiki kusema chochote. Ukisema, litaandikwa na litatumika mahakamani."

"Liandikwe. Nimechoka."

"Na mimi pia," alisema Tusekile, akakaa tena.

"Asubuhi alikuja kuniomba ruhusa amtaje mwanangu. Nikakataa. Mchana nikamfuata, nikapiga magoti. Akasema, 'Mama, lazima watu wajue, watoto wengine wapone.' Akaweka reki chini, akainama kuokota punje zilizomwagika. Nikaiokota reki."

"Lakini alikuwa anatubu!" Jubilate alishindwa kujizuia. "Safari hii alikuwa anasema kweli!"

"Kwani nani amesema anadanganya?" Prisca alimgeukia. "Wauguzi walifika mlangoni hapa, sindano tayari. Niliwafukuza mimi, kwa ufagio. Baba Asifiwe alikuwa Karonga, ng'ambo ya mpaka, anauza mchele. Aliporudi tumeshazika, nikamwambia chanjo iliisha kabla ya zamu yetu. Mpaka leo anailaani serikali."

"Na video ingemwambia ukweli."

"Ingemwambia. Ambwene aliomba radhi kwa watu elfu sitini, wakampongeza. Mimi nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwomba radhi, afande, na nilishindwa."