Ubao wa Mwisho wa Foleni

Ubao ulirudi umelowa.

Haukulowa sana. Ulikuwa na unyevu wa kitu kilichoshikwa na mkono uliotoka majini sasa hivi. Kuniko Hatada aliupangusa kwa aproni yake, akautundika msumarini pembeni ya dirisha la duka, kisha akatazama juu. Paa la vioo lililofunika mtaa mzima wa maduka wa Hinode lilikuwa kavu, na huku pembezoni mwa Osaka mvua ilikuwa haijanyesha tangu sikukuu ya wafu.

"Bwana Saa," alimwita Murase, muuza saa wa duka la mbele, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa wenye maduka. "Leo wa mwisho alikuwa nani?"

"Wa mwisho ni wa mwisho, Mama Katlesi. Wewe tazama sufuria zako zilivyo tupu, ukalale unacheka."

Foleni yenyewe ilianza kama uongo. Tangu duka kubwa lifunguliwe kando ya barabara kuu, Hinode ilikuwa ikifa polepole. Muuza miavuli alishusha mlango wake wa chuma, akafuata mtengeneza tofu, ile jibini ya soya, akafuata fundi wa mavazi ya kimono, hadi milango iliyoshushwa ikawa mingi kuliko iliyo wazi na mbayuwayu wakajenga juu ya mabango. Ndipo Murase alipopata wazo. Watu, alisema, hawafuati bidhaa; wanafuata migongo ya watu wengine. Akawaomba wastaafu wa mtaa wajipange kila alasiri mbele ya dirisha la Kuniko kana kwamba wana hamu isiyovumilika, na ujira wao ukawa katlesi moja ya moto ya viazi na nyama.

Akawapa na ubao, kama ilivyo desturi. Aliye nyuma kabisa anauinua juu, umeandikwa "Mwisho wa foleni ni hapa." Akija mwingine, anakabidhiwa bila neno. Wala humtazami usoni. Kumkodolea macho mtu aliye nyuma yako si adabu.

Kuniko alikubali kwa ajili ya Teiji. Mumewe alikuwa mchinjaji hodari hadi kiharusi kilipomnyang'anya miguu na ulimi, kikamwachia mkono mmoja. Siku nzima alikaa kitini nyuma ya pazia, karibu na joto la karai. Ndugu zake walikwishasema: duka likifungwa, Teiji atapelekwa nyumba ya wazee ng'ambo ya mto, na Kuniko ataenda kwa dada yake mjini Nara. Kuniko alikuwa ameapa kwamba mtu huyu hatoki humu ndani ila pamoja naye.

Na uongo ule ulizaa. Watu wa kweli walianza kusimama nyuma ya wastaafu, kwanza kwa udadisi, baadaye kwa njaa. Msichana mmoja akafungua mkahawa katika duka la miavuli. Akaja mwoka mikate. Milango ya chuma iliyoshika kutu ikaanza kupanda, mmoja baada ya mwingine, ikilia.

Lakini ubao uliendelea kulowa. Halafu ukaacha kurudishwa msumarini. Wakati wa kufunga Kuniko aliukuta umeegemezwa kwenye nguzo ya paa, kwanza ile ya mbali karibu na bafu la umma, kisha inayofuata, kisha inayofuata, na kila ulipoegemea palikuwa na kidimbwi kidogo chenye harufu ya maji ya maua yaliyosahaulika makaburini.

"Wewe ndiye uliyekuwa nao jana," alimwambia Bibi Fumi, mjane wa muuza viatu, mwepesi wa ulimi kuliko wote. "Ulimpa nani?"

"Aliyekuwa nyuma yangu."

"Nani?"

Bibi Fumi aliitazama katlesi yake, asiiume. "Nilisikia mtu amesimama, nikanyoosha mkono. Vidole vyake vikanigusa. Unajua figili ikitoka kwenye ndoo wakati wa baridi? Hivyo." Akashusha sauti. "Nilisikia anatiririka, Kuniko. Na mimi nilikuwa mkavu."

Siku hiyo Kuniko alisimama dirishani akakaza macho mwisho wa foleni, na baina ya migongo ya wateja waliokuwa wakicheka alimwona mtu mwenye koti la mvua la zamani, ameinua ubao kwa mikono miwili kama mtoto aliyepewa kazi, maji yakimtoka mikononi na kushuka ndani ya viatu, na uso wake ulikuwa mahali pake lakini jicho lililofika hapo liliteleza lenyewe. Nyuma ya pazia, mkono mzima wa Teiji ulianza kugonga mkono wa kiti. Ko. Ko. Ko.

"Tuvunje foleni," Kuniko alimwambia Murase. "Tupumzike kidogo tu."

"Tukipumzika tunarudi kaburini."

"Yule si mtu."

Murase hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameuona mtaa wa baba yake ukifa, na maiti ikifufuka mtu haiambii ijilaze tena. "Hata kama ni pepo," alisema, "anapanga foleni, hasukumi, hapandishi sauti. Tuna wateja wangapi walio hai wenye adabu hiyo?"

Basi Kuniko akamwendea Bibi Iwane, aliyekuwa akiwaombea wagonjwa katika chumba nyuma ya bafu. Kikongwe yule alikuja, akanusa ubao, akaurudisha haraka.

"Mmepanga watu wasiotaka kitu," alinong'ona. "Foleni tupu ni kama mlango ulioachwa wazi. Ameingia anayetaka."

"Anataka nini?"

"Zamani alisubiri kitu kikaisha mbele ya macho yake. Kilikuwa nini, hakumbuki tena. Imebaki hamu tu. Akifika dirishani atachukua anachokikuta."

"Nimfukuze vipi, bibi?"

"Aliyesubiri hafukuzwi. Anaambiwa neno moja: kimekwisha. Ukimwambia, na likawa kweli, ataondoka. Lakini liwe kweli, mwanangu. Kisibaki kitu humo ndani."

Siku ubao ulipofika nguzo ya mwisho, iliyo mbele ya duka lake, Kuniko aliuza hadi chenga. Alimpa mwoka mikate unga na mafuta, akampa msichana wa mkahawa mchele, akatoa nyama yote ya jokofuni, vitunguu, chumvi, majani ya chai, hata kibakuli cha wali kilichowekwa kwa ajili ya marehemu wa nyumba, akafuta rafu kwa kitambaa kisha akakitupa kitambaa. Wateja wakapungua, wakawa watano, wakawa wawili, Bibi Fumi akachukua katlesi ya mwisho akaenda zake bila kugeuka, na yule aliyebaki akasogea hatua moja, akaegemeza ubao ukutani kwa upole, akasimama mbele ya dirisha, na harufu ya maji ya makaburini ikaingia dukani ikazima harufu ya miaka yote ya kukaanga, na Kuniko, ambaye bado alisikia nyuma yake ko, ko, ko, alifanya alilolifanya maisha yake yote kwa mteja aliyesubiri bure: aliinama sana, macho sakafuni.

"Uniwie radhi sana, mgeni wangu. Kimekwisha. Humu ndani hakuna kitu."

Maji yalidondoka. Halafu sauti ikasema, bila hasira, kama mtu anayemkumbusha muuzaji kitu kilichompitia:

"Kimebaki kimoja."

Nyuma ya pazia, kugonga kukakoma.

Alipoinuka, dirishani hapakuwa na mtu. Kiti cha Teiji kilikuwa kimelowa hadi kwenye sponji, na Teiji ndani yake alikuwa baridi kama figili. Daktari alisema ni moyo. Kuniko hakubisha. Alijiuliza tu, na akarudia kujiuliza hata makaburini siku ya maziko, kwa nini hakumhesabu Teiji.

Hinode ilishamiri. Hakuna mlango uliobaki umeshushwa, na Murase alihutubia mwaka mpya huku analia kwa furaha. Kuniko alifunga begi akaaga kwamba anaenda Nara. Mume na mke vijana wakalichukua duka lake, karai na pazia vikiwemo. Dada yake alipopiga simu kuuliza mbona hajafika, kila mtu alikuwa na wateja.

Jioni moja yule mke kijana aliukuta ubao umeegemea nguzo ya mbali, karibu na bafu. Akaupangusa.

"Bibi Fumi, leo wa mwisho alikuwa nani?"

"Sikumtazama," alisema Bibi Fumi.

Mke kijana alinusa vidole vyake. Ubao haukuwa na maji. Ulikuwa na mafuta, ya moto bado, ya kukaangia katlesi.