Sindano Kavu ya Marsiana

Mwaka 1975, kijijini Pito, mvua zilikuwa zinaelekea kwisha. Huo ndio wakati wa ntumba. Unakata udongo pamoja na majani yake, unaupindua, unaurundika kuwa tuta la duara. Majani huoza ndani yake yakawa mbolea. Ukikosa ntumba mwaka huu, mwakani usiulizie ulezi.

Marsiana alikuwa hodari wa ntumba. Lakini bega lake la kulia lilikuwa linauma kwa miezi minne sasa. Mkono haukufika sikioni. Hata kilemba alifungwa na mumewe, Kornel, tena alimfunga vibaya. Mama mkwe alimchanja chale begani akapaka unga wa mizizi. Chale zikatunga usaha. Zikapona, bega likabaki vile vile.

Mwishoni mwa Februari, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Modesti, alisoma mkutanoni orodha ya kazi za shamba la kijiji.

"Ndugu Marsiana, kufukuza ndege."

Watu wakacheka. Kufukuza ndege ni kazi ya watoto.

"Na shamba lako la nyumbani," Mzee Modesti aliendelea, "mwezi wa tatu ukiisha halina ntumba, atapewa mwenye mikono."

Marsiana akasimama. "Mikono ninayo miwili, Mwenyekiti. Njoo uihesabu. Na shamba langu halitoki!"

Alikuwa na hasira, nami simlaumu.

Kesho yake alikwenda kwa miguu hadi hospitali mjini Sumbawanga. Siku hizo walikuwapo pale madaktari kutoka China. Muuguzi Adija alimpeleka kwa Daktari Lin, akawa mkalimani wao. Daktari aliushika mkono, akauinua polepole. Aliuliza maswali mengi. Je, uliwahi kuanguka? Una homa? Vidole vinakufa ganzi? Una mimba?

"Sina hata kimoja," alisema Marsiana. "Nina bega tu."

Daktari akatoa sindano nyembamba kama unywele. Marsiana akatafuta chupa ya dawa kwa macho. Hakuiona.

"Dawa iko wapi?"

"Sindano hizi hazina dawa, mama," alisema Adija.

"Nimetoka Pito kwa miguu, mnichome sindano kavu? Mganga wa kienyeji akikuchanja, angalau anapaka kitu!" Akachukua khanga yake aondoke.

Adija hakumzuia. Alisema tu, "Sawa, mama. Ila uliza kwanza. Ukishasikia, amua mwenyewe."

Marsiana akageuka. "Haya. Huu si uchawi?"

"Mchawi hakuelezi anachofanya. Sisi tunakueleza. Ni tiba ya Wachina ya tangu zamani. Sindano inachomwa mahali maalumu, inaachwa dakika ishirini. Wengi hupungukiwa na maumivu, wakaweza kukisogeza kiungo. Si wote."

"Na aliyechomwa kabla yangu, damu yake je?"

Adija akafunua sufuria iliyotoa mvuke. "Kila sindano huchemshwa humu. Swali zuri. Liulize kila mahali."

"Inatibu na malaria?"

"Hapana. Malaria ina vidonge vyake. Mfupa uliovunjika nao una tiba yake. Ndiyo maana daktari amekupima kwanza. Tena usije na njaa, unaweza kupata kizunguzungu. Na ikiuma sana, sema. Tutaitoa."

Marsiana akaketi. "Choma. Lakini nakutazama."

Alihisi kama ameumwa na siafu, kisha bega likawa zito. Sindano zilipotolewa, maumivu yalikuwa yamepungua kidogo tu. Daktari akamwonyesha zoezi: kupandisha vidole ukutani, kila asubuhi na kila jioni. Akamwambia arudi mara mbili kwa wiki.

Nyumbani, Kornel alimhurumia kwa safari zile. Siku moja akaja na sindano ya kushonea magunia.

"Mama Leonardi, nionyeshe walipokuchoma. Nikuchome hapa hapa, upumzike na njia."

Marsiana akamnyang'anya ile sindano, akaitumbukiza chooni.

"Baba Leonardi, mimi si gunia! Aliyesomea ndiye atakayenichoma."

Kornel alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo alimsindikiza mjini.

Baada ya safari sita, mkono ulifika sikioni. Haukupita hapo, na asubuhi za baridi bado uliuma. Lakini jembe halihitaji kupita sikio. Marsiana alifunga kilemba mwenyewe, akaingia shambani. Alilima ntumba ndogo, akapumzika, akalima tena. Kornel alilima upande wa pili.

Siku ya mwisho ya Machi, Mzee Modesti alikuja kukagua, ameshika kiuno kwa mkono mmoja. Alihesabu ntumba hadi mwisho wa shamba. Akarudi, akasimama mbele ya Marsiana.

"Shamba ni lako," alisema. Kisha akashusha sauti. "Ndugu Marsiana, hiyo sindano kavu... inauma?"

"Nenda kwa Muuguzi Adija, upimwe kwanza, umuulize mwenyewe," alijibu Marsiana, akainua jembe. "Na kwa sasa sogea, Mwenyekiti. Umesimama kwenye tuta langu."