Waliniondolea Mutoto kwa Sababu Niliogopa Kisu

Niko na miaka ishirini na tisa, nimeolewa, ni mama wa mutoto mumoja, na kazi yangu ni kushona nguo hapa Nyakasanza, mjini Bunia. Ndugu wasomaji, ninaandika nikiwa na hasira. Kila mara ninaposikia mutu akicheka na kusema "Miye niko maniaki, sipendi vitu vikae ovyo," moyo wangu unachemka... Maniaki! Kama wangejua!

Nianze na wifi yangu Clarisse, dada mudogo wa bwana yangu, tuliyeishi naye parseli moja, uwanja mumoja. Clarisse ni mutu wa kupanga vitu. Sahani zake zinakaa kubwa chini, ndogo juu, na ukitundika kikombe kwenye musumari usio wake, anakihamisha huku akinung'unika. Kisha anakaa, anakula sombe yake, anacheka, amekwisha sahau. Ni hayo tu. Yanamufurahisha. Hakuna aliyewahi kulia kwa sababu ya sahani za Clarisse.

Yangu yalikuwa mengine.

Siye na bwana yangu Dieudonné tulimungojea mutoto kwa muda murefu. Alipozaliwa tulimuita Exaucé, na nilimupenda mpaka nikawa naogopa hata upepo umupige. Mchana mumoja nilikuwa ninakata vitunguu, mutoto amelala kwenye mukeka karibu yangu. Mara picha ikaja kichwani: kisu hiki, mukononi mwangu, kinaingia tumboni mwa Exaucé...

Mungu wangu! Nilitupa kisu chini. Nikamufunua mutoto, nikamuangalia mwili wote. Alikuwa muzima, analala tu. Mama gani anaweza kuona jambo kama lile?

Kesho yake picha ilirudi. Halafu ikaja na maji ya moto. Halafu na makasi yangu ya kushonea. Sikuwa na hasira na mutoto, sikumuchoka, sikutaka! Kadiri nilivyoifukuza, ndivyo ilivyozidi. Nikaficha visu vyote nyuma ya mufuko wa makala ya kupikia. Nyanya nilizipasua kwa vidole. Makasi nikayapeleka kwa jirani, na kazi ya kushona ikasimama. Wateja walikuja kudai nguo zao, wakanitukana mulangoni. Nilisali Salamu Maria, na neno moja likiteleza nilianza upya tangu mwanzo, mpaka chakula kinaungua jikoni. Kumuogesha mutoto nikashindwa kabisa. Nilimuomba jirani, nikisingizia mugongo.

Dieudonné akirudi kazini, swali langu lilikuwa moja tu: "Papa Exaucé, angalia mutoto. Sikumufanya kitu?"

Mwanzo alicheka. "Weye mama, kila mama anaogopea mutoto wake. Itapita tu."

Haikupita! Nikauliza tena na tena, kabla hajavua viatu. Jibu lake lilinituliza kidogo, kisha hofu ikarudi na nguvu mpya. Akaanza kuchelewa kurudi nyumbani.

Nikabaki na Clarisse. Nikamuambia nina shida kichwani, ninafanya mambo ya kurudia-rudia na siwezi kuacha. Akapiga makofi kwa kicheko.

"Aa, ni ile tu? Hata miye niko nayo! Siye wote tuko maniaki hapa. Hauone sahani zangu?"

Nilitamani kupiga kelele. Sahani! Miye ninakufa, yeye ananiambia sahani! Kwa uchungu ule nikamufungulia moyo wote: kisu, maji ya moto, makasi, mutoto. Kicheko kikakatika. Akaniangalia kama mutu aliyekuta nyoka ndani ya nyumba. Kisha akanishika mukono, akaapa kwa jina la Bikira Maria kwamba hatamuambia mutu.

Jua halijazama, mama mukwe alikuwa amekwisha pigiwa simu kule Mahagi.

Alifika na kaka wakubwa wa bwana yangu. Walikaa salon, kwenye chumba cha wageni, Exaucé akiwa tayari kwenye mapaja ya Clarisse. Mama mukwe hakunisalimia hata.

"Mutu anasema atachinja mutoto, siye tungoje nini tena? Tungoje damu?"

"Mama, sikusema nitamuchinja! Nilisema ninaogopa!"

"Ni shetani iko inakuonyesha ile. Mutoto anaenda na miye."

Nilimuangalia Dieudonné. Nilimuangalia, ndugu wasomaji, kama mutu anayezama... Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Alitazama chini.

Walimuchukua Exaucé akiwa bado ananyonya. Maziwa yalilowesha nguo yangu, na nani aliyejali? Miye wakanipeleka kwenye chumba cha maombi. Nikafungishwa chakula, nikawekewa mikono, nikakemewa kwa sauti. Na kule kwenye maombi picha ziliongezeka! Wakasema sijatubu vizuri. Nitubu nini? Sijawahi kumuumiza mutoto hata kwa kidole! Maziwa yakakauka kule kule.

Aliyenitoa ni mama yangu muzazi. Tulikimbia naye vita kutoka Kpandroma, haogopi tena midomo ya watu. Alikuja, akabeba mufuko wangu, akawaambia: "Mutoto yangu iko mugonjwa. Munamunyima chakula, na munasema ni dawa?" Akanipandisha moto, pikipiki ya kukodi, tukaenda hospitali kwa dokta wa magonjwa ya kichwa. Njia nzima nilificha uso kwa kitambaa. Haya ilinijaa!

Dokta, mwanamke wa makamo, hakushituka. Nilipomaliza aliniuliza: "Ukiona ile picha, unajisikia aje?"

"Ninataka kufa, dokta."

"Umeona? Unaichukia, unaikimbia. Hauko muuaji, uko mugonjwa. Na hii ugonjwa iko na jina: trouble obsessionnel, wazo baya linakuja lenyewe na kukulazimisha kurudia-rudia mambo. Inashika pale pale penye unapenda sana."

Nililia mpaka nikakosa sauti. Kisha nikamuuliza mbona wifi yangu naye anasema yuko nayo.

"Ukimuvurugia sahani, anafanya nini?"

"Ananung'unika, anapanga, anasahau."

"Na weye?"

Jibu langu lilikuwa nyumba isiyo na mutoto.

Nilipewa dawa, lakini kazi kubwa ilikuwa mazoezi. Kushika kisu na kukaa nacho. Kuacha picha ije, ikae, iondoke yenyewe, bila kurudia sala, bila kumuuliza Dieudonné kitu. Naye aliitwa, akakatazwa kunituliza kila nikiuliza. Siku ile aliyosikia maelezo ya dokta alifunika macho kwa kofia yake. Hasira yangu kwake haijaisha, nisidanganye. Lakini ndiye aliyekwenda Mahagi kumudai Exaucé, na mara ya kwanza mama yake alimufukuza.

Aliporudi naye mwishowe, mutoto alikuwa anakimbia na kusema. Alijifunza kutembea bila miye! Nilinyoosha mikono... akajificha nyuma ya miguu ya baba yake, akaniita tantine, kama anavyoita kila mwanamke asiyemujua. Tantine! Miye niliyemuzaa!

Leo nimerudi kwenye mashine yangu. Picha bado zinakuja mara moja moja. Ninaziacha zipite, ninaendelea kukata kitambaa, Exaucé akicheza pembeni. Siku nyingine ananiita mama, siku nyingine anasahau. Clarisse hajaniomba samahani. Ananisalimia kama hakuna kilichotokea.

Ndugu wasomaji, ninawaomba. Mutu akikuambia kichwa chake kinamutesa, usimujibu kwamba siye wote tuko hivyo. Na ukisikia lililo zito zaidi, usikimbie kumuita shetani. Muulize: hii jambo inakufurahisha, ao inakula maisha yako? Akikuambia inamula, funga kinywa chako, umusindikize kwa dokta.

Na weye mama unayesoma hii huku umeficha visu vya nyumba yako, hauko muuaji. Amka uende hospitali. Nenda mapema, mutoto angali anajua harufu yako.