Kompyuta Aliyoniundia Dada

Siku dada aliponiletea kompyuta, nilikuwa uani nafua nguo za mtoto. Alishuka kwenye teksi amelikumbatia lile kasha kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Nilikimbia kumpokea, akakataa.

"Niache bwana. Mikono yako ina sabuni, utaliangusha nikulilie."

Dada ndiye aliyenilea. Mimi niliishia darasa la saba, yeye akasoma mpaka akawa fundi wa kompyuta. Hii aliiunda mwenyewe, kipande kimoja kimoja, kutoka kwenye mashine zilizokufa dukani kwake. Alitaka nichape barua za watu nikiwa nyumbani na mwanangu, maana baba yake anafanya kazi mbali. Nililia. Akanifuta machozi kwa kiganja chake.

Mchana huo akamnyoa mwanangu nywele, mara ya kwanza tangu azaliwe. Alikuwa na miaka mitatu. Tulimwita Chiriku kwa ajili ya maneno yake mengi. Kwenye kiganja cha kulia alikuwa na kovu refu, kumbukumbu ya siku aliposhika pasi ya moto. Dada aliziokota nywele zote, mpaka unywele wa mwisho, akazifunga kwenye karatasi.

"Zisikuchafulie nyumba," alisema.

Nikawaza, moyo gani huu? Mwaka haujaisha tangu amzike binti yake wa pekee, na bado ana nguvu ya kumhudumia wa kwangu.

Baada ya kuliunganisha kasha, akanifundisha. Ikisumbua, nifungue upande wa kushoto. Nichomoe kadi za kumbukumbu, nisugue meno yake kwa kifutio cha shule, nizirudishe moja moja. "Lakini upande wa kulia usiuguse kabisa. Huko umeme unabaki hata ukichomoa waya."

Wiki ya pili ikaanza kuzima. Naandika barua ya mwalimu mstaafu wa jirani, mara michirizi inajaa kwenye skrini, giza, halafu mashine inawaka yenyewe. Dada alikuja kila nilipomwita. Alibadilisha waya wa skrini, akasafisha feni, akabadilisha kadi ya picha. Alikuja na biskuti pia, akampakata Chiriku, wakatazama skrini pamoja.

"Mwite," nilimsikia akimnong'oneza.

"Amwite nani, dada?"

"Paka. Tunacheza."

Hatuna paka.

Kisha rangi zikapotea. Kila kitu kwenye skrini kikawa cha kijivu, na ndani ya kijivu hicho palikuwa na doa, kama mtoto aliyeketi akinipa mgongo. "Skrini za zamani hushika picha," dada alisema. "Ni kawaida." Lakini kila alipotengeneza na kuondoka, doa lilikuwa limesogea karibu.

Asubuhi moja Chiriku aliniuliza, "Mama, gauni langu jekundu liko wapi?"

Alikuwa amelivaa.

Daktari wa macho alimmulika akasema macho ni mazima. Tuliporudi niliwasha kompyuta. Ikazima. Nikasikia kishindo uani: Chiriku ameanguka kama gunia. Mashine ilipowaka, akafumbua macho. Ikatokea tena kesho yake. Na keshokutwa.

Ningeweza kuirudisha, ila niliona aibu kumwambia dada kwamba zawadi yake inamdhuru mwanangu. Nikaona nimpunguzie safari za juani, niitengeneze mwenyewe. Nikamlaza Chiriku chumbani. Nikafanya alivyonifundisha: toa kimoja, jaribu, toa kingine. Nilibakiza kadi moja ya kumbukumbu. Ikazima. Niliondoa kadi ya picha, nikachomeka waya wa skrini kwenye bodi kubwa ya mashine. Ikazima.

Ulibaki upande wa kulia.

Nikachomoa nyaya zote ukutani, wa kasha na wa skrini. Nikangoja. Nikalegeza skrubu.

Hakukuwa na umeme. Kulikuwa na nywele.

Nywele za Chiriku, zimesokotwa na utepe wa buluu, zimezungushwa nyuma ya bodi. Utepe niliujua. Niliufunga mimi mwenyewe kwenye kichwa cha binti ya dada, siku tuliyomzika.

"Nilikwambia usiguse."

Dada alikuwa mlangoni. Sikuwa nimemwita.

"Dada, ni mwanangu."

"Wewe utazaa tena," alinong'ona. "Mimi madaktari walishaniambia basi."

"Wewe ndiye uliyenilea."

"Ndiyo. Na hujawahi kuninyima kitu."

Niliushika utepe nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Ukakatika. Skrini ikawaka, waya wake ukiwa sakafuni. Ilikuwa na rangi zote. Mtoto ndani yake aligeuza uso, akafungua mdomo. Sikumwona vizuri. Giza.

"Gauni langu jekundu," sauti ilisema chumbani.

Nilikimbia nikamkumbatia. Alikuwa wa moto, mzima, analitazama gauni lake. Dada alisimama nyuma yangu akamwangalia kwa muda mrefu. Akatabasamu huku akilia. Akaondoka, nikadhani ni aibu.

Sasa mtoto anaona rangi zote. Anakula vizuri. Anakunja nguo zake. Majirani wanamsifu kwa upole, eti Chiriku amekua, hapigi kelele siku hizi.

Wiki iliyofuata nilikuwa namnawisha mikono. Nilifungua kiganja cha kulia. Kilikuwa laini. Nikafungua cha kushoto. Laini. Nikarudi kwenye cha kulia, nikakisugua kwa kidole gumba.

Alinitazama kwa huruma.

"Ahsante, mama mdogo," alisema.

Skrini bado ninayo. Sijaichomeka tena. Kuna alama ya mkono mdogo juu yake. Niliifuta kwa maji, kwa sabuni, kwa kucha. Haifutiki, kwa sababu iko ndani ya kioo. Katikati ya kiganja pana mstari mrefu.

Nimeiweka dirishani, ielekee uani alikopenda kucheza. Kila asubuhi naweka mkono wangu juu ya ule wake. Kioo chote ni cha baridi, isipokuwa hapo.