Jenereta Iliyokunywa Petroli ya Boti

Siku ile mjinga alikuwa Masatu, na mwenyewe hakatai. Hata leo watu wa kijijini kwake Kibara wakimtania, yeye ndiye anayeanza kucheka.

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Mayai mia mbili ya mkewe, Esta, yalikuwa kwenye mashine ya kutotolea vifaranga, siku ya ishirini. Yakipoa, yote yamekufa. Jenereta mpya ilikuwa inanguruma nje, mbali na dirisha. Asubuhi ikaanza kukohoa na kutoa moshi wa bluu. Mara ikalia paa, kama bunduki. Mbuzi wakakata kamba. Injini ikazima.

Esta akamwita Gaudensia, fundi wa injini pale mwaloni, boti za uvuvi zinapoegeshwa. Gaudensia akaiacha ipoe, kisha akafungua plagi inayotoa cheche ya kuwasha petroli. Ilikuwa nyeusi tii, imelowa. Akamgeukia Masatu.

"Shemeji, umeinywesha nini?"

"Petroli ya boti. Naichanganyaga na oili mwenyewe, mwaka wa kumi na tano huu."

"Boti yako inataka mchanganyiko, kwa sababu injini yake haina tangi la oili. Hii ina oili yake hapa chini. Ukiiongezea nyingine kwenye petroli, plagi inashika masizi, cheche inakufa. Petroli inatoka haijaungua, inakutana na ekzosi ya moto. Inalipukia huko."

Akamwaga petroli yote kwenye dumu, ya tangi na ya kabureta. Akafunga plagi mpya, akajaza petroli tupu. Masatu akavuta kamba mara mbili. Ikanguruma, haikukohoa.

"Ukitaka kuzima," akasema Gaudensia, "chomoa kwanza kila kitu, iache ipumue dakika mbili tatu. Ukiizima ghafla ina mzigo, inaweza kulia paa tena."

Masatu akaitazama plagi ya zamani kiganjani. Mwanya wa cheche ulikuwa mwembamba kama ukucha. Uhai wa mayai mia mbili ulipita hapo.

Kesho yake Gaudensia alirudi kuangalia. Alimkuta Masatu amepiga magoti mbele ya kioo cha mashine. Yai lilikuwa linatikisika lenyewe. Mdomo mdogo kama punje ya mtama ukatokeza, ukapumzika, ukagonga tena. Masatu, mtu asiyeachaga kubisha, akawa anahesabu tu mpaka vifaranga thelathini wakatoka.

Halafu ubishi ukamrudia.

"Lakini injini ni injini. Oili kidogo tu ingeidhuru nini?"

Esta, kifaranga mkononi, akamgeukia mumewe.

"Baba Magesa, na hawa ni watoto. Niwanyonyeshe?"