Uwanja Usiolowa

Mvua ikinyesha mtaa mzima, ikauruka uwanja wako peke yake, wewe utamshukuru nani? Usijibu haraka. Shemasi alijibu haraka, tena kwenye kipaza sauti, na ndipo balaa lilipopata jina la kuitikia.

Shemasi na mkewe walikuwa madobi. Mke, Mama Chiriku, alifua, akakamua na kuanika. Mume alipokea nguo za wateja, akazitia alama kwa mkono wake wa kushoto, akazipiga pasi. Uwanja wao ulikatizwa na kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na siku ya kazi shuka za nyumba za wageni zilining'inia pale nyeupe hadi macho yakauma. Siku hiyo dhoruba ilikuja alasiri bila hodi. Iling'oa mabati ya jirani yao, Mama Pacha, ikayatupa barabara ya pili. Ikaangusha nguzo za umeme, ikajaza mitaro hadi maji yakaingia vyumbani mwa watu. Mama Chiriku alikuwa dukani akinunua sabuni. Alirudi mbio, maji magotini, akijua kabisa kwamba shuka zake zimekuwa matope na kesho atakuwa na maneno ya kujibu.

Alizikuta kavu.

Wala hazikuwa zimeanuliwa mapema. Zilikuwa kambani na vibanio vyake, zina joto la jua la mchana ambao ulikwisha kuzimika. Ardhi chini yake ilikuwa vumbi. Vumbi lile liliishia kwenye mstari ulionyooka kama pindo, na ng'ambo ya mstari matope yalianza. Mama Chiriku alisimama mguu mmoja vumbini, mwingine matopeni, na kilichompanda kifuani hakikuwa furaha.

"Umeona?" Shemasi alikuwa mlangoni, anacheka huku anatetemeka. "Umeona Mungu alivyo?"

"Nimeona. Na nani ameunguza nguo?"

Maana palinuka. Ilikuwa ile harufu inayomwamsha kila dobi usingizini, ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Alikwenda kuitazama pasi. Ilikuwa juu ya rafu, baridi kama jiwe la kisimani.

Jumapili Shemasi alisimama kutoa ushuhuda. Alikuwa na sauti maalumu ya kanisani, ambayo mtu haitumii akiomba chumvi mezani. Alisema amtumainiye Bwana halowi. Watu wakapiga makofi, wakapiga vigelegele, wakamtaka arudie kile kipande cha vibanio. Hakuna aliyegeuka kumtazama Mama Pacha, aliyekaa nyuma na gauni la kuazima kwa sababu yake yalikwenda na upepo pamoja na kabati. Huyu ndiye aliyekuwa akiongoza maombi ya akina mama. Sasa, kwa mujibu wa ushuhuda ule, ilionekana kumtumaini Bwana hakujui.

Nje, Mama Chiriku alimkimbilia, uso umemwiva kwa aibu.

"Shoga, mume wangu hakukusudia."

"Mwache afurahi. Mungu wangu mimi alinilowesha mpaka kwenye mifupa. Wenu naona anatembea na mwavuli."

Wakacheka, wakashikana mikono. Kisha Mama Pacha akaacha kucheka.

"Mtoto yuko wapi? Mbona simsikii?"

Lilikuwa swali la haki. Binti yao hakuitwa Chiriku bure. Alianza kusema kabla ya jogoo, akasema akila, akasema akipigwa mswaki, na hata usingizini alikuwa na mtu wa kubishana naye. Tangu siku ya dhoruba alikuwa amenyamaza. Tena alikuwa hauvuki mstari. Alifika pale vumbi lilipoishia, akasimama, akarudi. Asubuhi ile mama yake alipombembeleza waende kanisani, alisema kwa sauti ndogo, "Hapendi nitoke."

"Nani hapendi?"

"Anayekuja kuanua."

Mama Chiriku alimwambia mumewe. Shemasi alikuwa anang'arisha viatu. "Mtoto amechoka," alisema. "Watoto husema mengi."

"Huyu hasemi mengi. Ndilo ninalokwambia."

Dhoruba ya pili ilikuja mchana kweupe, ukageuka mweusi. Hakukuwa na nguo kambani isipokuwa shuka chache za mwisho. Mama Chiriku alikuwa ndani akichanganya wanga aliposikia uwanjani mlio anaoujua kuliko jina lake, mlio wa shuka mbichi ikikung'utwa kabla ya kuanikwa, pwaa, kisha kimya cha mtu anayetafuta kibanio, kisha pwaa tena, na katika nyumba ile aliyeanika ni yeye tu. Akachungulia dirishani. Nje ya ukuta miti ilikuwa imelala upande mmoja kwa upepo, taka zilikuwa zikiruka, mvua ikipita kama ukuta unaotembea, lakini ndani ya uwanja hakukuwa na tone, na zile shuka zilikuwa zimejaa, zimetuna, zikielekea kule upepo ulikotoka na si kule ulikokwenda, kama kwamba nyuma ya kila moja kuna kifua kinachoegemea dhoruba na kuisukuma irudi, na katikati ya shuka hizo, mgongo umenyooka, mikono imebanwa ubavuni, alisimama Chiriku.

Hakukumbuka kufungua mlango. Alimfikia mtoto, akamkumbatia ili ambebe, akashindwa. Chiriku alikuwa mzito kama blanketi lililotoka majini. Harufu ya kuungua ilikuwa pale pale, shingoni mwake.

"Mwanangu, twende ndani."

"Anayeanua hasikii vizuri ukiongea polepole," mtoto alisema. "Lakini usipige kelele."

Alimburuta. Ndani alimvua gauni ili amkague, kwa kuwa mama hukagua kwanza na kulia baadaye, na ndipo vidole vyake vikaona kabla ya macho. Ndani ya ukosi kulikuwa na alama.

Hapa lazima ujue kazi ya dobi. Nguo za watu zikichanganyika, dobi amekwisha. Kwa hiyo kila mteja ana uzi wake unaoshonwa kwa siri ndani ya ukosi: mwenye hoteli mwekundu, daktari kijani, mwalimu mkuu njano. Nguo za nyumbani hazitiwi alama kamwe. Alama maana yake ni moja tu, kwamba nguo hii ina mwenyewe, na mwenyewe atakuja kuichukua.

Uzi wa gauni la Chiriku ulikuwa mweusi. Hakuna mteja aliyekuwa na uzi mweusi. Kwanza alidhani ni gauni la mtu limechanganyika na yao, akalishukuru kosa hilo, akakimbilia sanduku. Gauni la pili lilikuwa na alama. La tatu pia, na sweta, na nguo za kulalia. Alichukua wembe, uzi haukukatika. Kisha akazifunua nywele za mtoto pale kisogoni mahali ukosi unapogusa, akaona chini ya ngozi mshono mweusi, mfupi, nadhifu, umekazwa kwa fundo la mkono wa kushoto.

Siku zote alidhani ile methali ya kikulacho inazungumzia chawa.

Shemasi alikuwa chumba cha pasi.

"Baba Chiriku, uzi mweusi ni wa nani?"

"Uzi gani?" alisema bila kuinua macho. Asiyejua kweli angetaka kuuona.

Hakungoja. Alimwendea Mama Pacha, aliyekuwa akiishi na watoto wake chini ya turubai, akamkuta anapika na kuimba, sufuria moja ikipokea maji ya mvua na nyingine ya uji. Alimweleza yote. Mama Pacha alifunika uji, akamwita mkubwa wa wale pacha akoroge, akaja kama alivyo, mikono mitupu. Hakubeba mafuta wala chupa ya chochote. Mawingu yalikuwa yanarudi tena, ya rangi ya jeraha.

Shemasi aliwazuia mlangoni.

"Shemeji, karibu, lakini nyumba hii imekwisha kuombewa. Imefunikwa. Wewe shahidi, dhoruba mbili hatukuguswa."

"Ndiyo maana nimekuja, shemeji. Mimi nimeguswa na mwanangu anacheza. Wewe hujaguswa na mwanao anakufa."

Akampita.

Chiriku alikuwa amelala chali kitandani, macho wazi. Mama Pacha alipiga magoti, akamshika mkono, akaomba kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumza na mtu aliye chumbani humo humo. Upepo ulianza juu ya mabati. Mtoto akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya nguo nzito ikikamuliwa.

"Mimi sikuingia. Nililetwa."

Mama Chiriku aliuma kiganja asipige yowe.

"Kwa jina la Yesu, toka," alisema Mama Pacha.

"Nimefanya niliyoombwa. Paa lipo. Ukuta upo. Hata vibanio vipo." Kitanda kikalia, kama kwamba mtu wa pili ameketi. "Na mlishukuru. Jumapili mlinipigia makofi."

Shemasi, pale kizingitini, alianza kukariri maneno ya kanisani, haraka haraka, kwa ile sauti yake maalumu. Hayakwenda popote. Yalimwangukia miguuni. Na hapo ndipo mkono wa kulia wa Chiriku ulipoinuka wenyewe, ukavuka kifua, ukapita bega, ukazidi kwenda nyuma ambako mkono wa mtu hauendi, ukalala bapa mgongoni. Kisha wa kushoto ukafuata, taratibu, kwa ustadi, kwa mapenzi hata, kama unavyolifanya shati la mtu muhimu, mikono nyuma, pande mbili zikutane, halafu magoti yakapanda, yakapinda katikati, na kila kiungo kilipopinda palisikika mkono usioonekana ukipita juu yake kuondoa makunyanzi, na mtoto hakulia, alimtazama tu mama yake kwa macho ya mtu anayesubiri kupelekwa.

"Anamkunja," Mama Chiriku alinong'ona. Alijua nguo hukunjwa lini. Hukunjwa mwenyewe anapokuwa njiani. "Mama Pacha, anamkunja! Mtoe!"

"Sina ruhusa." Jasho lilikuwa likimtiririka. "Mgeni wa kujipenyeza nitamtoa mimi. Huyu alikaribishwa. Aliyemkaribisha aseme, ndipo atatoka."

"Tumtoe nje, basi! Tumpeleke kwenye mvua!"

Akamkumbatia mwanawe na ule uzito wake wote, akavuta. Shemasi akaruka mlangoni, akautandaza mwili wake.

"Ukimvusha mstari paa litakwenda! Nyumba yote itakwenda!"

"Iende!"

"Tutakuwa kama..."

"Kama mimi," Mama Pacha alimalizia. "Malizia tu, shemeji. Chini ya turubai. Sikiliza, mimi sikuahidiwa kwamba sitalowa. Niliahidiwa kwamba sitakuwa peke yangu ndani ya maji, na sikuwa. Siku ile nilishika mtoto huku na mtoto huku, bati likaondoka, na Mungu hakuondoka. Wewe paa unalo. Uliye naye ni nani?"

Shingo ya Chiriku ilianza kuinama kifuani, kidogo kidogo, kwa ajili ya mkunjo wa mwisho.

Mama Chiriku alipiga magoti mbele ya mumewe, mkono mmoja haujamwachia mtoto. Hakumsihi. Alimshika ukosi wa shati, lile shati alilolifua mwenyewe, akamvuta hadi nyuso zikagusana.

"Lile fundo nalijua. Sitaki maneno ya kanisani. Sema."

"Mwaka jana paa liliporuka," Shemasi alianza, na sauti ile maalumu ilikuwa imekwisha, ikabaki nyembamba ya mtu wa kawaida, "walinicheka. Mpaka waumini. Walisema Mungu wa Shemasi yuko likizo."

"Sikuulizi habari ya mwaka jana."

"Nilikwenda kwa mtu. Mganga." Juu yao bati moja lililia, likalegea msumari. "Nilikuwa naomba pia. Niliomba kila siku! Ila nikiomba nilikuwa nasikia mawingu, na sikuwa na hakika kama kuna mtu anasikia."

"Endelea," alisema Mama Pacha. Tone la mvua lilipenya, likampiga Chiriku kwenye paji la uso. Shingo ikasimama pale ilipofika. "Endelea, baba, usisimame hapo."

"Aliniambia kuna mlinzi. Hataki kuku wala mbuzi. Anataka kitu chenye alama, ajue ni chake." Upepo uliingia kwa pengo la bati, ukaizima taa. Gizani walisikia pumzi, ya nne, ya tano, moja zaidi ya watu waliokuwemo. "Nikatia. Nilidhani ni nguo tu. Hapana. Uongo. Sikudhani ni nguo tu."

Mvua ilikuwa inaingia sasa, baridi, juu ya kitanda, juu yao wote. Katika mikono ya mama yake kidole kimoja cha Chiriku kilitikisika.

"Ulifanya nini?" mkewe alisema. "Liseme kwa kinywa chako, alisikie uliyemleta."

Kwa mwanga wa radi Shemasi aliutazama ule uso mdogo unaolowa.

"Nilimpa mtoto," alisema. "Nilimpa mtoto wetu, ili sisi tusilowe."